Jumamosi za Fundi Shariff

Hakuna maneno yaliyomtoka Shariff mdomoni kwa urahisi kuliko haya: "Hiyo nimetengeneza nyingi." Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma pale Majengo, Nyeri mjini, na mikono yake ilikuwa mizuri kweli. Shida ilikuwa mdomo. Ukimpelekea lango lililovunjika bawaba, ametengeneza mengi. Ukimpelekea kitu ambacho hata wewe mwenyewe hujui jina lake, hicho pia ametengeneza vingi. Kinyozi mmoja aliwahi kumtaka amuundie kiti cha kuzunguka, na Shariff akamuundia. Kiti kilizunguka vizuri sana kwenda kulia, ila hakikukubali kurudi, ikabidi wateja wa yule kinyozi wamalizie kunyolewa wakitazama ukutani.

Mwezi wa nne mwaka 1985, mvua ikiwa imerudi baada ya ule mwaka wa ukame ambao watu walikula mahindi ya njano ya msaada mpaka wakayachukia, mama mmoja aliingia karakana yake. Alikuwa mrefu, mwenye mabega mapana, wa miaka kama sitini na tano, kavaa koti la sufu na buti za mpira, na kikapu begani.

"Mimi ni Magdaline," akasema. "Natoka Tetu. Nilikuwa mwalimu, sasa niko na ng'ombe tatu. Fundi, unajua kutengeneza pipa ya gesi?"

"Gesi gani, Mwalimu?"

"Ya mavi ya ng'ombe."

Tangu azaliwe Shariff hakuwa amesikia kitu kama hicho. Akapangusa mikono kwa kitambaa, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekumbushwa kazi ya kila siku.

"Hiyo nimetengeneza nyingi. Kule Mombasa, tatu. Nne, ukihesabu ile ndogo."

Mwalimu Magdaline akatoa kitabu chembamba alichopewa kwenye mafunzo ya wakulima, akakifungua penye mchoro. Unachimba shimo refu kuliko mtu, unalijengea matofali, unalijaza mavi ya ng'ombe yaliyokorogwa na maji. Juu yake unafunika pipa kubwa la chuma, mdomo chini, kama kikombe kilichopinduliwa. Mavi yakichacha yanatoa hewa, hewa inalinyanyua pipa, na bomba linaipeleka hewa jikoni, ikawashwe ipike.

"Kaa nacho usome," akasema Mwalimu.

"Mwalimu, kitabu ni cha mwanafunzi," Shariff akajibu, akakirudisha. Ukweli ni kwamba kilikuwa cha Kiingereza, na Kiingereza cha Shariff kiliishia kwenye majina ya spana.

Kabla hajaondoka, Shariff alimuuliza, kwa heshima, kwa nini mtu mwenye akili zake ahangaike na mavi wakati kuni zipo. Mwalimu akamtazama vile alivyozoea kumtazama mtoto wa mstari wa nyuma.

"Nimefundisha Tetu miaka thelathini na mbili. Nikianza, mtoto akichelewa shule anasema alikuwa anacheza kwa mto. Siku hizi anasema alikuwa anatafuta kuni. Na huo mto mwaka jana tulivuka na viatu, hata soksi haikulowa. Wewe unadhani hiyo miti yote ilienda wapi? Tuliipikia githeri ya mahindi na maharagwe."

Shariff akachukua kazi. Alipima bati, akakata, akachomelea, na pipa likatoka zuri ajabu. Akalipaka rangi ya kijani. Wakalipandisha Tetu kwa lori la maziwa, fundi wa matofali akiwa amekwisha maliza shimo, wakakoroga mavi siku mbili, wakalifunika. Shariff akalaza bomba mpaka jikoni, akaunga vali ya kufungia, akasema kwa sauti ya daktari, "Sasa tunangoja."

Mtu mmoja tu pale kijijini alikuwa na haja ya mambo haya yasifaulu, naye alikuwa Hezekiah. Hezekiah alikuwa jirani wa Mwalimu, mzee wa kanisa, mwenye mkokoteni na punda wawili, na alichouza ni kuni na makaa. Kila siku alipita akaegemea ua.

"Mwalimu," alisema, "ati sasa chai yako itakuwa na maziwa ya ng'ombe na moto ya ng'ombe. Imebaki tu majani ya chai pia ng'ombe akupatie."

Lakini pipa lilinyanyuka. Wiki ya kwanza halikutikisika, wiki ya pili likapanda kiasi cha kidole, na wiki ya tatu lilikuwa limesimama juu ya shimo, usawa wa goti, kijani kibichi na limejaa. Shariff alilizunguka mara mbili. Tangu siku ile alianza kuamini kwamba kweli alitengeneza mengine Mombasa.

Mwalimu akaita watu. Akaja chifu, wakaja akina mama wa kanisa wakiwa na vitambaa vya sherehe kichwani, akaja Hezekiah akiwa amevaa suti. Jikoni hapakutosha, wengine wakachungulia dirishani. Shariff, katika kanzu iliyopigwa pasi, alifungua vali, akasikiliza, akainua kidole watu wanyamaze. Ssss. Hewa ilikuwa inakuja. Akawasha kiberiti.

Kiberiti kikazimika.

Akawasha kingine, nacho kikazimika, tena si kwa upepo. Kilizimika kama mtu aliyezibwa mdomo. Akafunga vali upesi, maana alikuwa anaionea hewa ile uchungu, asitake hata pumzi moja ipotee. Akafungua tena kidogo, akawasha cha tatu. Kufikia kiberiti cha kumi na nane, chifu alikuwa ametazama saa mara mbili, na akina mama walikuwa wameshika mashavu.

"Kumbe hiyo ni mashine ya kuzima moto," Hezekiah akasema taratibu. "Tuipeleke kwa faya brigedi."

Watu walicheka mpaka kuku wakakimbia. Mwalimu Magdaline hakucheka. Alingoja wageni wamalize chai, chai iliyochemshwa kwa kuni za Hezekiah, wakaenda zao. Ndipo alipomkalisha Shariff kwenye kigoda.

"Zile za Mombasa, uliziwashaje?"

Shariff alitazama viatu vyake. Alikuwa ametayarisha maelezo marefu kuhusu baridi ya mlimani na joto la pwani, lakini mbele ya yule mama ulimi ulikataa.

"Mwalimu, Mombasa nimekwenda mara moja. Kwa harusi ya binamu yangu."

Ng'ombe mmoja akakohoa.

"Kwa hivyo wewe hujawahi kutengeneza hii kitu."

"Sijawahi hata kuiona."

"Leta hicho kitabu hapo kwa kabati," akasema Mwalimu. Shariff akakileta, na hapo ikaonekana kwamba Mwalimu naye ana lake la kuungama. Yeye hakuwa mtu wa kuruka somo. Alikuwa amesoma mpaka ukurasa wa kumi na nane, kujenga kunapoishia, akasema atasoma ya kuwasha wakati wa kuwasha ukifika. Katikati ya kumi na nane na kuwasha, ndama alikipata kitabu juu ya ua, akatafuna kuanzia ukurasa wa kumi na tisa mpaka jalada.

Wote wawili walikitazama kile kitabu kilichobaki.

"Sasa sikia adhabu yako," akasema Mwalimu. "Kila Jumamosi utakuja hapa. Utaleta mavi kutoka kwa zizi, utakoroga na maji, utaweka kwa shimo, mpaka hii kitu iwake. Na hutavaa hiyo kanzu."

Hivyo ndivyo Shariff bin Rashid, mtu wa mjini, aliyezaliwa Majengo na kukulia kwenye lami, alivyoanza kupanda Tetu kila Jumamosi kukoroga mavi ya ng'ombe kwa mikono yake. Aibu yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba hakumwambia mtu, hata mkewe. Mkewe Kibibi, mama mnene, mchangamfu, aliyeuza mahamri karibu na stesheni ya basi, aliambiwa kwamba kuna kazi ya lango Tetu. Kabla ya kurudi, Shariff alioga kwa Mwalimu kwa maji ya moto na sabuni ya kunukia, akajisugua kucha, halafu akajipaka marashi shingoni na masikioni, akateremka mjini akinukia kama bwana harusi.

Jumamosi ya kwanza Kibibi alinusa akanyamaza. Ya pili akanusa akauliza, "Baba Dawud, lango hilo lina ukubwa gani?" Jumamosi ya tatu usingizini mumewe akageuka upande, akasema waziwazi, kwa sauti ya huzuni: "Haijawaka, Mwalimu. Nitarudia Jumamosi."

Kibibi alikaa na maneno hayo juma zima. Mwalimu. Basi ni mwanamke aliyesoma. Pengine mwembamba. Aliunguza mahamri sinia mbili akimfikiria.

Jumamosi ya nne alimwacha Shariff atangulie, akafuata. Aliuliza njia madukani, "Anakaa wapi huyu anayeitwa Mwalimu?" na kila aliyeulizwa alianza kucheka kabla ya kujibu, jambo ambalo lilimpandisha hasira zaidi. Alikipanda kile kilima cha udongo mwekundu akiwa na buibui lake, viatu vimeshika matope kila kimoja uzito wa tofali, akipanga maneno. Alikuwa na maneno mengi mazuri. Alipofika penye ua alikuwa hana pumzi ya kusema hata moja.

Alimwona mumewe. Alikuwa amekunja suruali magotini, amevaa shati lililotoboka, mikono imezama mpaka viwiko ndani ya kitu cha kijani. Pembeni yake amesimama bibi mzee mwenye buti za mpira, ameshika fimbo, akimwambia, "Bado iko na mabonge. Koroga hapo."

"Baba Dawud," Kibibi akasema.

Shariff akainua kichwa. "Mama Dawud! Si vile unavyofikiri!"

"Mimi sifikiri kitu," Kibibi akahema. "Mimi nataka kukaa."

Akatafuta pa kukaa. Palikuwa na kitu kimoja tu cha kufaa, kilichosimama usawa wa goti, cha mviringo, kilichopakwa rangi nzuri ya kijani.

"Hapo hapana!" wakapiga kelele Shariff na Mwalimu kwa pamoja, lakini Kibibi alikuwa amekwisha keti.

Lile pipa likaanza kushuka. Lilishuka taratibu, kwa adabu, na Kibibi juu yake, macho yamemtoka, tope la mavi likipanda pande zote kuelekea viatuni. Na asubuhi ile Shariff alikuwa amefungua vali jikoni ili kupuliza uchafu ulioziba bomba, usitoke, kisha akasahau kuifunga. Hewa yote ya mwezi mzima, ile aliyoilinda kama mboni ya jicho, ikamwagikia jikoni kwa mara moja.

Jikoni alikuwa ameketi Hezekiah. Alikuja, kama kila Jumamosi, kuhakikisha kwamba kitu bado hakiwaki, na Mwalimu, ambaye hakuwahi kumnyima jirani chai, alimpa kikombe. Hezekiah akasikia mlio mrefu nyuma yake. Halafu akasikia harufu ya mayai yaliyooza. Kwa kuwa ni mzee wa kanisa alijifanya hakusikia. Akamtazama mbwa aliyelala mlangoni, kwa lawama. Mbwa akainuka akatoka. Hapo Hezekiah akaona hakuna mwingine wa kusingiziwa, akachukua kofia yake na kikombe chake, akatoka mbio.

"Si mimi!" akasema huko nje, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Shariff alimvuta mkewe kutoka juu ya pipa kwa mikono miwili, na alama za vidole vya kijani zikabaki kwenye buibui. Kisha akaketi chini majanini. Pipa lilikuwa limelala kabisa ndani ya shimo. Akajifunika uso, akakumbuka mikono yake inanuka, akaufunua tena.

"Imekwisha yote," akasema. "Mwezi mzima, Mama Dawud. Umeikalia ikaisha."

Akamweleza yote, kuanzia Mombasa mpaka sabuni ya kunukia. Kibibi alisikiliza akiwa amesimama, mkono kiunoni. Alimtazama Mwalimu Magdaline kuanzia kilemba mpaka buti. Alimtazama mumewe. Alitazama lile shimo la mavi. Halafu kicheko kikamshika, kikaanzia tumboni kikapanda mabegani, akashika nguzo ya ua asianguke, machozi yakimtiririka.

"Nimeunguza mahamri yangu," akasema alipoweza kusema, "kwa ajili ya ng'ombe!"

Mwalimu akaleta maji ya kumwosha viatu. "Pipa itajaa tena," akasema. "Kazi ya ng'ombe haiishi."

Na kweli, lilijaa. Safari hii lilijaa upesi zaidi, siku kumi tu, kwani jua lilikuwa limetoka na shimo limeshika joto lake. Mwezi uliofuata, bwana mmoja wa kilimo alipopita, ndipo walipojua walichokuwa wamefanya. Hewa ya kwanza ya shimo jipya haiwaki. Inafaa iachwe iende zake, na ile inayofuata ndiyo gesi yenyewe. Shariff, kwa ubahili wake, alikuwa amefungia takataka ndani na kuzuia kilicho bora kisiingie, na pengine angekuwa anaifungia mpaka leo kama Kibibi hangechoka na kilima.

Lakini siku waliyojaribu tena kuwasha walikuwa hawajui. Walikuwa watatu tu jikoni, saa sita mchana, jua limeingia mlangoni mpaka kwenye meko. Kibibi alikuja kwa hiari yake, kuona, alisema, kama huyo mwanamke mwingine atawaka. Shariff hakuinua kidole kumnyamazisha mtu. Alifungua vali, akasema bismillahi, akawasha kiberiti, akakisogeza.

Hawakuona kitu. Kiberiti kiliungua mpaka vidoleni, akakitupa.

"Imekataa," akasema Shariff kwa sauti ndogo.

"Ngoja," akasema Mwalimu.

"Mwalimu, imekataa. Tazama, hakuna moto." Akainama juu ya jiko ili asikilize kama hewa inatoka, akasogeza sikio, akasogeza shavu.

Sasa moto wa gesi ile, kwa asiyeujua, ni wa buluu hafifu sana, na juani hauonekani kabisa. Kilichoonekana kwanza ni moshi mdogo kutoka kwenye ndevu za Shariff. Kilichofuata ni harufu ya nywele. Kibibi ndiye aliyekuwa mwepesi kuliko wote. Alivua kanga ya begani akampiga nayo usoni, mara tatu, na ya tatu, alikiri baadaye, haikuwa ya moto, ilikuwa ya marashi.

"Inawaka!" Shariff akapiga kelele kutoka chini ya kanga. "Inawaka! Mwalimu, naungua! Imewaka!"

Mwalimu Magdaline akaweka sufuria juu ya kile kisichoonekana. Baada ya muda maji yakaanza kuimba, yakatoa vipovu pembeni, yakachemka. Hakukuwa na moshi. Mwalimu alisimama pale na majani ya chai mkononi, akatazama dari lake jeusi, kisha akatazama maji, akapangusa macho kwa mkono wa koti. Katika maisha yake yote, alisema, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kulia jikoni bila moshi kuwa ndiyo sababu.

Habari zilisambaa kama kawaida ya habari. Lile tope lililotoka upande wa pili wa shimo, lililokwisha toa gesi yake, Mwalimu alilimimina kwenye kabeji na viazi, na kabeji zikafunga vichwa ambavyo mtu mmoja hawezi kubeba viwili. Aliacha kununua kuni. Akapanda miti ya kienyeji chini kule kando ya mto, mistari mitatu, na hakuna aliyeikata maana yeye hakuihitaji na wengine walimwogopa.

Hezekiah alikaa wiki tano bila kupita. Halafu siku moja, Shariff na Kibibi wakiwa wamekuja kuongeza urefu wa bomba, alikuja akaegemea ua, akavua kofia.

"Fundi," akasema, "niko na rafiki yangu. Hana ng'ombe. Ako na punda mbili. Hiyo rafiki anauliza, mavi ya punda pia inaweza?"

Shariff akavuta pumzi, kifua kikajaa, na midomo ikaanza kujipanga kwa maneno yale yale ya siku zote. Kibibi akakohoa.

"Sijui," Shariff akasema. Neno lenyewe lilimshangaza, jinsi lilivyo jepesi. "Mwambie rafiki yako tutajaribu. Ila yeye mwenyewe ndiye atakayekoroga."

Hezekiah akafikiri. "Nitamwambia," akasema. "Atakubali. Hana wateja siku hizi."

Jioni hiyo Kibibi aliomba debe moja la lile tope kwa ajili ya sukuma wiki zake za uani kule Majengo. Walisimama barabarani nalo, na magari matatu yakasimama, yakanusa, yakaondoka. Dereva wa nne hata hakusimama, alipunga mkono tu akapandisha kioo. Shariff alisema waliache, watalichukua siku nyingine.

"Siliachi," akasema Kibibi. "Nimekipanda kilima hiki mara tatu. Shika huku."

Wakapitisha fimbo kwenye mpini wa debe, wakashika kila mmoja upande wake, wakaanza kuteremka kwenda mjini kwa miguu. Mlima Kenya ulikuwa umejifunua mbele yao, kilele cheupe. Shariff bado alikuwa na nusu ya ndevu na nyusi moja. Njiani alimweleza mkewe habari za vali, na jinsi pipa la Hezekiah litakavyokuwa na mpini wa kulizungusha ndani ili kuvunja mabonge, na Kibibi akamuuliza maswali, na mengine hakuwa na jibu lake, akasema hivyo.

"Na ungemkuta mwembamba?" Shariff akamuuliza kwenye kona, walipotua debe kubadilisha mikono. "Huyo Mwalimu. Ungefanya nini?"

"Ningemwagia mtu debe kama hili," akasema Kibibi. "Wewe, si yeye. Haya, inua."